Kwenda milimani wakati wa masika

Ndugu msomaji, barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mfanyakazi mmoja wa bandarini, mkazi wa Temeke, baba wa watoto watatu. Anaeleza kuwa tangu Agosti amekuwa akitia fedha kidogo kidogo katika kibubu ili Pasaka aipeleke familia yake Lushoto, mahali ambapo yeye mwenyewe alipata kufika mara moja tu alipokuwa kijana, na ambapo watoto wake, waliozaliwa na kukulia katika joto la Dar es Salaam, hawajapata kupaona. Mkewe hataki. Anasema masika si wakati wa kupandisha watoto mlimani, na kwamba fedha hizo afadhali zikaezeke banda la uani ambalo linavuja. "Naomba mtuamue," anamalizia ndugu yetu huyo, "maana sasa ndani ya nyumba hatusemezani vizuri."

Kuamua mambo ya mume na mke ni kazi ya wazee wa pande mbili, wala si ya gazeti. Hata hivyo, juu ya milima na mvua tunayo machache ya kusema, na mengine tuliyapata kwa gharama ambayo tusingependa msomaji ailipe tena.

Tuanze na kalenda. Pasaka haiwezi kuangukia kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Masika nayo huanza Machi na kwisha Mei. Kwa hiyo katika nchi yetu hapana Pasaka iliyo nje ya majira ya masika. Ongeza hapo Siku ya Karume, Aprili 7, Sikukuu ya Muungano, Aprili 26, na Mei Mosi, nawe utaona kuwa mfanyakazi hupewa mapumziko yake mengi katika miezi ile ile ambayo mbingu hufunguka. Wenzetu wa Ulaya katika miezi hiyo hutoka katika baridi, miti yao huchipua, nao hufungasha vikapu wakaenda milimani. Sisi hufungasha vikapu vile vile, ila juu yake hutuna budi kuweka turubai. Yuko atakayesema ni heri kungoja Juni, shule zifungwapo na njia zikikauka. Ni kweli, ingawa Juni na Julai huko Lushoto ndiyo miezi ya baridi kali. Lakini si kila mtu mwenye uwezo wa kujichagulia mwezi wa likizo, na ndugu yetu wa bandarini amekwisha kutueleza kwamba yeye hana uwezo huo.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Basi litokalo Dar es Salaam hupita Chalinze, Segera na Korogwe, likafika Mombo. Hapo Mombo upo karibu mita 400 tu juu ya usawa wa bahari, kati ya mashamba ya mkonge, na jua linachoma kama la Temeke. Kisha gari huacha barabara kuu, likaanza kupanda kwa lami nyembamba yenye kona nyingi, bonde upande mmoja na jabali upande wa pili, likapita Soni penye maporomoko ya maji. Baada ya kilomita 33 umefika Lushoto, karibu mita 1,400. Ukiendelea hadi msitu wa Magamba utapita mita 2,000. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Basi mtu aliyetoka Mombo na jasho mgongoni anaweza kusimama Magamba saa chache baadaye, mahali penye joto pungufu kwa nyuzi 10 au zaidi, akiwa na shati lile lile, na jasho lile lile likigeuka kuwa maji ya baridi.

Hilo ni la kupanda tu, mvua bado. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu. Ukifika Usambara hukuta ukuta, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana Amani, iliyo upande wa bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati nyanda za Mkomazi, zilizo nyuma ya milima, ni mbuga kavu ya miiba. Kazi hii ya upepo haina saa maalumu. Asubuhi jua laweza kuwaka ukadhani masika yamekwisha, na kufika saa 7 mchana bonde zima likawa limejaa ukungu mweupe kama maziwa, mtu asimwone mwenziwe aliye hatua kumi mbele.

Wengi husema, "Tutasikiliza redio." Ni vema, nasi twasisitiza msisafiri bila kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siku hizi hupatikana hata katika simu ya mkononi. Lakini yafaa kujua namna ya kuusoma. Katika taarifa hizo Lushoto haimo katika kundi la Kilimanjaro na Arusha. Imo ndani ya Mkoa wa Tanga, nao Tanga huwekwa pamoja na Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba. Hivyo maneno yale yale, "vipindi vya mvua na ngurumo katika maeneo machache", humhusu mvuvi wa Pangani na mkulima wa viazi wa Magamba kwa pamoja. Usambara ikiwapo katika mkoa uliotajwa, wewe hesabu kwamba hayo maeneo machache ni pale unapokwenda. Ukisikia neno "angalizo", panga upya matembezi ya siku hiyo. Ukisikia "tahadhari", kaa ndani au ahirisha safari. Na ikiwa ni "tahadhari kubwa", hata nauli ikiwa imekwisha kulipwa, iache iende.

Neno hilo la mwisho nimeliandika kwa makusudi, maana fedha iliyokwisha kulipwa ndiyo iliyotaka kunitia katika msiba.

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 2018. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto watatu, na shemeji yangu. Jumamosi ilipambazuka kwa jua zuri. Tulikodi gari hadi ukingoni mwa msitu, tukachukua kijana mwenyeji wa kutuongoza, nikamlipa ujira wa siku nzima. Watoto walikwenda mbele wakitafuta mbega juu ya miti, shemeji akawa anapiga picha kila jani. Mnamo saa 5 yule kijana alitazama upande wa mashariki, akasema, "Mzee, tukifika pale kwenye mgongo wa mlima tugeuke. Ukungu wa huku haubishi hodi." Shemeji alicheka. Mimi sikucheka, ila nilifanya hesabu: nimelipia siku nzima, na sasa si hata nusu ya siku. Nikasema twende mbele.

Haikupita saa moja ukungu ukatufunika. Kwanza ulikuwa mchezo, watoto wakiitana na kujificha. Kisha yakaja manyunyu, yakafuatwa na mvua yenye upepo. Binti yetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 6, alivaa gauni la pamba na kisweta chepesi cha shule. Alilia kwamba anasikia baridi. Nikamwambia ajikaze. Akatetemeka, meno yakigongana. Kisha akanyamaza na kutetemeka kukakoma, nami, kwa ujinga wangu, nikamwambia mama yake, "Unaona, amezoea."

Kijana yule alirudi nyuma, akamshika mtoto mkono, akamwuliza jina lake. Mtoto akajibu neno lisilohusiana na swali, ulimi ukiwa mzito kama wa mtu aliyeamshwa usiku. Akapiga hatua mbili, akajikwaa mahali pasipo na kitu. "Mzee," alisema kijana, na safari hii hakuwa akitoa ushauri, "mtoto huyu hayuko sawa. Tunashuka sasa hivi."

Nyumba ya kwanza chini ya msitu ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi na wajukuu. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alimvua mtoto nguo zote zilizolowa, akamfuta kwa kanga kavu, akamwambia mke wangu afungue nguo zake za juu na kumkumbatia mtoto kifua kwa kifua, kisha akawafunika wote wawili blanketi, hadi kichwani. Shemeji alitaka mtoto asogezwe karibu na mafiga, miguu yake isuguliwe kwa nguvu. Bibi alikataa. "Mwacheni apate moto taratibu," alisema, akamnyang'anya shemeji ule mguu kama anavyonyang'anywa mtoto kisu. Ilipita kama nusu saa ambayo sitaisahau. Halafu mtoto akaanza tena kutetemeka. Nilishtuka, lakini bibi akasema, "Sasa anarudi." Alipoweza kumeza vizuri alipewa chai ya sukari nyingi, na baadaye kidogo akauliza kama kuna chapati.

Niliporudi Dar es Salaam nilimwuliza daktari. Akaniambia kuwa bibi yule alifanya sawasawa kila jambo. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu huwa amekwisha ingia katika hatari, na hapahitajiki barafu wala theluji kwa hilo kutokea. Nyuzi 12 au 13, nguo iliyolowa na upepo vyatosha, hasa kwa mtoto, kwa kuwa mwili wake mdogo hupoteza joto upesi kuliko wetu. Kutetemeka ni jitihada ya mwili kujipasha moto. Kukikoma kabla mtu hajakauka wala kupata joto, maana yake jitihada imeshindwa. Mtu akianza kuongea ovyo, kusinzia au kujikwaa, huyo si mchovu, ni mgonjwa. Asipewe pombe, asichomwe na moto wa karibu, asisuguliwe, na asipewe kinywaji ikiwa hawezi kumeza vizuri. Avuliwe vilivyolowa, akaushwe, afunikwe pamoja na mtu mwenye joto, kisha apelekwe kituo cha afya.

Baada ya hayo, msomaji utaelewa kwa nini tunazungumza sana juu ya nguo. Pamba ni rafiki wa mtu wa pwani, lakini ikilowa mlimani ni adui. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kupita zote: ikilowa huwa nzito, hung'ang'ania mwilini, wala haikauki hata kesho yake. Sweta la sufu likilowa bado hubakiza joto kiasi. Na hapa watu wa Dar es Salaam tuna bahati, maana katika soko la mitumba la Karume makoti na masweta mazito huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna anayeyataka mjini. Nunua mapema, kabla wenye safari kama yako hawajazinduka. Mwavuli uache nyumbani, au uutumie mjini Lushoto ukienda sokoni. Juu ya mgongo wa mlima upepo utaugeuza nje ndani. Koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, soksi za ziada, na viatu vyenye meno. Udongo wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni.

Na nguo kavu zibebwe wapi? Zamani tungesema mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ya namna hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Sisi hutumia ndoo ndogo yenye mfuniko. Watoto hutucheka tukipita nayo stendi, lakini haiingizi maji, hukaliwa kama kiti, na usiku huogea. Ndani yake weka mavazi kamili ya kubadili kwa kila mtoto, si kwa mtoto mmoja.

Juu ya maji tuseme kwa ufupi, ila tusikilizwe. Maporomoko ya Soni na vijito vya kule huvutia watoto kuoga. Mvua yaweza kunyesha juu mlimani wakati ninyi mpo chini juani, na maji yakafika ghafla. Mkiona maji yamegeuka rangi, yanaleta majani na vijiti, au sauti yake imebadilika, tokeni bila kuokota viatu. Maji yaendayo kasi, yakifika sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Na radi nayo ina kipimo chake: tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, shukeni kutoka mgongoni mwa mlima, ingieni ndani ya nyumba au gari. Msisimame chini ya mti mmoja uliojitenga.

Ya barabara nayo yana uzito wake. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika masika yaliyofuata, Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kutokana na mvua na mafuriko. Hatuyasemi haya kumtisha mtu. Twayasema kwa sababu wako madereva ambao, kwa kuwahi safari ya pili, huingia njia za udongo za kwenda Mtae au Mlalo mvua ingali ikinyesha. Njia hizo ni nzuri kwa macho, lakini udongo ukishiba maji huachia. Ukiona nyufa mpya kandokando ya barabara, miti iliyoinama hivi karibuni, au chemchemi iliyokuwa safi ikitoa tope, usilale wala kuegesha gari chini ya mteremko huo. Kwenye utelezi kataa pikipiki, hata kama dereva ni mtoto wa mwenye nyumba uliyofikia. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo watoto waliokwisha kujua kuhesabu waifahamu kwa moyo.

Hapo ndipo tunapofikia kosa ambalo wafanyakazi wengi hulifanya. Mtu amepewa siku nne, naye hutumia zote nne, kisha hupanga kurudi Jumatatu ya Pasaka jioni ili Jumanne saa 1 asubuhi awe kazini. Mvua moja juu ya Soni yatosha kumvurugia. Akichelewa, hofu ya msimamizi humfanya amhimize dereva, na dereva anayehimizwa katika kona zile za Mombo si dereva wa kumkabidhi watoto. Siku nne zihesabiwe kuwa tatu. Ya nne ni ya njia. Isipohitajika, utaimaliza nyumbani ukianika nguo. Na matembezi ya msituni yaanze saa 1 asubuhi, saa 6 mchana wote wawe wamegeuka, jua likiwaka lisiwake.

Kwa walio na siku mbili tu, Lushoto iachwe. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huchukua abiria hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na miteremko ya Uluguru ipo pale pale nyuma ya mji, ingawa nayo ina mvua na utelezi wake. Kitulo na maua yake tunaipenda sana, lakini ipo mbali mno kwa mtu wa Temeke mwenye Pasaka peke yake. Kilimanjaro tutaiandikia siku yake. Hapa tuseme tu kwamba mwezi wa Aprili hata wapandaji wazoefu huikwepa.

Sasa, ndugu yetu wa bandarini. Mkeo ana haki anaposema masika yana hatari, nawe una haki kutaka watoto waone nchi yao kabla hawajawa wakubwa wa kutokutaka kufuatana nawe. Shauri letu ni hili. Nendeni, lakini mamlaka ya kugeuka awe nayo yeye. Mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba mama akisema "turudi", iwe njiani, msituni au mtoni, mnarudi bila mjadala, na wewe usitaje hata senti iliyolipwa. Wiki ya kusafiri ikitolewa tahadhari, fedha zibaki katika kibubu hadi Juni. Mwenye hofu akipewa usukani mara nyingi hukubali safari. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyofanya tangu 2018, nasi tumerudi Usambara mara tatu. Mara moja kati ya hizo tuligeukia Mombo, tukala wali kuku, tukapanda basi la kurudi. Binti yule, ambaye sasa ni mkubwa, hununa kila akiikumbuka siku hiyo.

Kuhusu banda la uani, liezekwe kwanza upande unaovuja. Mabati mawili matatu hayatakula kibubu chote, na mama atapanda basi moyo wake ukiwa umetulia.

Jumapili ijayo tutajibu barua ya mama mmoja wa Magomeni ambaye unga wake huingia wadudu kila mwezi, ingawa anaapa kwamba debe lake lina mfuniko.